Intavyuu ya mhitimu ina uzito gani unapoomba chuo cha Marekani?

Kuanzia Novemba mpaka Februari, vikundi vya WhatsApp vya wazazi na vijana wanaoomba vyuo vya Marekani hujaa swali lile lile kwa sura mbalimbali. "Binti yangu ameandikiwa barua pepe na mtu aliyesoma Princeton, anataka waongee Jumamosi. Ndiyo kusema ameshachaguliwa?" Mwingine anauliza: "Mwenzangu ameitwa intavyuu, mimi kimya. Ndiyo basi tena?" Majibu huja kwa wingi na kwa kujiamini. Huyu anasema intavyuu ni nusu ya maombi, yule anasema ni geresha tupu, wa tatu anatoa namba ya mtu anayefundisha watoto kujibu maswali kwa malipo.

Kuchanganyikiwa huku kuna sababu. Kwetu, mtu akiitwa kwenye usaili anajua jambo zito liko mezani. Usaili wa kazi ndio unaoamua nani apate ajira. Usaili wa viza huchukua dakika chache, na mara nyingi mtu hutoka ubalozini akijua kama atasafiri au hasafiri. Udahili wa vyuo vikuu vyetu, kwa upande wake, hauna usaili kwa kozi nyingi. Tanzania, chuo huangalia ufaulu wako kwa vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kenya, KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huwapanga wanafunzi kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kozi walizochagua. Kijana aliyekulia kwenye mfumo huo, akiambiwa kuna mtu mzima aliyesoma Yale anataka kuzungumza naye saa nzima, atadhani tu kwamba mlango wa kuingilia ndio huo.

Mlango haupo hapo, na tuone kwa nini.

Mhitimu tunayemzungumzia ni mtu aliyesoma chuo hicho zamani na sasa yuko kwenye shughuli zake: daktari Nairobi, mhandisi Dar es Salaam, mwalimu Boston. Amejitolea, halipwi. Chuo humpa jina la mwombaji, shule anayotoka na namna ya kumpata. Wanakutana mkahawani au maktabani, na kwa waombaji wengi wa Afrika Mashariki wanakutana kwa Zoom. Wanazungumza nusu saa, pengine saa nzima, kisha mhitimu anaandika ripoti fupi na kuituma ofisi ya udahili. Kazi yake inaishia hapo. Haketi kwenye kamati, hapigi kura, wala haelezwi kwa nini fulani alikubaliwa na fulani aliachwa. Katika vyuo vingi hana hata alama zako. Hajasoma insha yako, hajaona barua za walimu wako wala matokeo ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Anakujua kwa yale utakayomwambia tu.

Wanaoamua ni maafisa udahili, ambao ni waajiriwa wa chuo. Kila afisa ana eneo lake la dunia, na kwenye vyuo vikubwa yupo anayesoma faili za Afrika. Huyo anasoma kila kitu: matokeo ya miaka yote ya sekondari, aina ya shule uliyosoma na nafasi ilizokupa, insha, barua za walimu, shughuli zako nje ya darasa. Ripoti ya mhitimu ni karatasi moja ndani ya faili hiyo, na mara nyingi hufika wakati faili imeshasomwa mara ya kwanza.

Watu wa pwani wanajua mambo ya kuulizia mchumba. Posa ikiletwa, wazee wa binti humtuma mtu mtaani kwa kijana akaulize habari zake kwa majirani. Jirani hana mamlaka ya kuozesha. Akisema "kijana wa watu, mtaratibu," wazee huitikia na kuendelea kupima yale waliyokuwa wakiyapima: kazi, dini, ukoo. Lakini akisema "huyo ana mkono mwepesi, anapiga watu," posa inaweza kufa jioni ile ile. Ripoti ya mhitimu iko hivyo hivyo. Ikiwa nzuri inathibitisha, ikiwa mbaya sana inaangusha, na uzito wa pande hizo mbili haulingani. Ndiyo maana anayesema intavyuu haina maana anakosea, na anayesema ndiyo inayoingiza watu chuoni naye anakosea.

Vyuo vyenyewe havifichi jambo hili. NACAC, chama cha Marekani cha washauri na maafisa wa udahili, kwa miaka mingi kimekuwa kikiviuliza vyuo ni vigezo gani vina uzito mkubwa. Juu kabisa hukaa alama za sekondari na ugumu wa masomo uliyosoma. Mahojiano hukaa mkiani: chini ya chuo kimoja katika kila 10 husema yana uzito mkubwa. Zaidi ya hapo, vyuo vingi huchapisha kila mwaka jedwali la takwimu liitwalo Common Data Set, ambamo kila kigezo hupewa ngazi mojawapo kati ya nne: muhimu sana, muhimu, hutazamwa, hakitazamwi. Ukitaka kujua chuo unachoomba kinasemaje, fungua jedwali hilo badala ya kuuliza kikundini. Harvard huyaweka mahojiano kwenye ngazi ya "hutazamwa" tu. Georgetown na MIT huyapa uzito zaidi, na Georgetown inawataka waombaji wake wahojiwe na mhitimu kila anapopatikana aliye karibu. Kwa upande wa pili, vyuo vya umma vya California, kama Berkeley na UCLA, haviwahoji kabisa waombaji wa kozi nyingi za shahada ya kwanza.

Hapa kuna mtego wa takwimu ambao watu huuangukia. MIT iliwahi kuonyesha kwamba waombaji waliohojiwa walikubaliwa kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliopewa nafasi ya kuhojiwa wakaiacha. Wengi wakasoma hapo kwamba mahojiano yanaingiza. Fikiri lakini ni nani anayepewa nafasi ya kuzungumza na MIT akaipuuza. Mara nyingi ni yule aliyeomba kwa kubahatisha, aliyejaza fomu usiku wa mwisho, au ambaye moyo wake uko chuo kingine. Maombi yake yote ni dhaifu, siyo kipande cha mahojiano peke yake. Bidii ile ile iliyomfanya mwenzake aandike insha nzuri ndiyo iliyomfanya ajibu barua pepe ya mhitimu. Somo la kweli ni dogo na la maana: ukialikwa, nenda.

Nafasi adimu ya kuona jinsi ripoti hizi zinavyotumika ilikuja mahakamani. Mwaka 2014 kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions kiliishtaki Harvard, kikidai kwamba inawabagua waombaji Wamarekani wenye asili ya Asia. Kesi ilisikilizwa Boston mwaka 2018, na nyaraka ambazo chuo hakikuwahi kuzionyesha hadharani zikawekwa mezani. Ilionekana kwamba kila mwombaji hupewa alama, ambapo 1 ni bora kabisa, kwa masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, barua za shule na kile kinachoitwa sifa binafsi, kisha alama ya jumla. Mhitimu aliyemhoji mwombaji naye hutoa alama zake za sifa binafsi na za jumla, lakini hukaa kwenye safu yao peke yao. Afisa udahili hutoa za kwake mwenyewe.

Hoja moja kubwa ya walalamikaji ilijengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Walisema maafisa, ambao wengi hawakuwahi kukutana na waombaji, waliwapa vijana wenye asili ya Asia alama za chini za sifa binafsi, ilhali wahitimu waliokaa nao ana kwa ana waliwaona hawapishani sana na wenzao Wazungu. Harvard ilikataa kwamba kulikuwa na ubaguzi, na jaji wa Boston alikubaliana nayo mwaka 2019. Mahakama ya Juu ya Marekani iligeuza matokeo ya kesi hiyo mwezi Juni 2023 ilipokataza rangi kutumika katika udahili. Kwa swali letu, kilichobaki wazi ni hiki: hata alama ya mhitimu aliyekutazama usoni haimfungi afisa. Anaweza kuiona, akaiheshimu, na bado akaandika yake.

Hesabu ya nafasi nayo inasema jambo. Hukumu ile ya 2023 ilitaja kwamba waliokuwa wameomba Harvard mwaka uliotangulia ni zaidi ya 60,000, na waliokubaliwa hawakufika 2,000. Hiyo ni kama watu 3 katika kila 100. Mhitimu anayehoji vijana 8 kila mwaka, wakiwa ni waombaji wa kawaida, anaweza kukaa miaka 4 ndipo mmoja wao aingie. Katika miaka hiyo ataandika ripoti nzuri, za dhati, kwa vijana wengi anaowapenda, na karibu wote watakataliwa. Kijana anayesema "alinisifia sana, kwa hiyo nimepita" hajaiona hesabu hii. Mhitimu alimsifia kwa kweli, ila anawasifia wengi.

Basi kwa nini vyuo vinaendelea na jambo lenye uzito mdogo namna hii? Historia inajibu sehemu, na si historia ya kujivunia. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo kama Harvard vilidahili kwa mitihani, na aliyefaulu aliingia. Watoto wa wahamiaji Wayahudi walifaulu kwa wingi, na kufikia miaka ya 1920 walikuwa zaidi ya moja ya tano ya wanafunzi wapya wa Harvard. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alijaribu mwaka 1922 kuweka ukomo wa idadi yao waziwazi, akashindwa. Ikatafutwa njia ya pembeni: kupima "tabia" ya mwombaji. Fomu zikaanza kuuliza rangi, dini, jina la mama kabla ya kuolewa, na kama baba aliwahi kubadilisha jina la ukoo. Zikaombwa picha. Na yakaja mahojiano, ili watu wa chuo wamtazame kijana na kusema kama ni "mwenzetu". Mahojiano ya leo hayafanyiki kwa nia hiyo, na wahitimu wa leo ni wa kila rangi na kila nchi. Ila nadhani ni haki mtoto wa Afrika Mashariki ajue kwamba kipimo hiki hakikuanzishwa kumtafuta yeye.

Sababu za leo ni za kawaida zaidi. Mahojiano humweka mhitimu karibu na chuo chake, na mhitimu aliye karibu huchangia fedha na muda. Humvutia pia mwombaji: kijana mwenye barua za kukubaliwa kutoka vyuo vitatu huenda akachagua kile ambacho mtu wake alizungumza naye vizuri. Lakini kazi hii ni nzito, na wahitimu hawapatikani sawasawa kila mahali, kwa hiyo baadhi ya vyuo vimeiacha. Brown ilisitisha mahojiano ya wahitimu na kuwaruhusu waombaji kutuma video fupi ya kujieleza. Columbia nayo imeyaondoa. Chuo chenye sifa kubwa hakiwezi kuitupa nguzo ya nyumba yake. Kimetupa kitu ambacho kiliona kinaweza kuishi bila yake.

Hata hivyo kuna mahali ambapo ripoti hufanya kazi ya kweli, nayo inamhusu mwombaji wa kwetu kuliko mtoto wa New York. Afisa anayesoma faili kutoka Tabora au Kakamega mara nyingi haijui shule, hamjui mwalimu aliyeandika barua, na anajiuliza kama Kiingereza cha insha ni cha mwombaji mwenyewe. Mtu aliyezungumza naye dakika 45 anaweza kuondoa shaka hiyo kwa sentensi moja. Vyuo vingine hutumia njia tofauti kwa kazi hiyo hiyo, kama mahojiano ya kurekodiwa ya kampuni ya InitialView au sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa Kiingereza wa Duolingo.

Tazama ripoti mbili za kubuni kuhusu msichana mmoja. Ya kwanza: "Ni mwerevu, mchangamfu, anapenda sayansi na atakuwa kiongozi mzuri." Afisa amesoma sentensi hiyo mara elfu, haimwachii kitu. Ya pili: "Aliniambia maji ya kisima cha shule yao yana chumvi, akaeleza jinsi alivyopima sampuli kwa miezi kadhaa na kwa nini vipimo vya kwanza havikuwa sahihi. Nilipombana juu ya njia aliyotumia, alifikiri kidogo, akakiri sehemu moja hana uhakika nayo, kisha akaniuliza mimi ningefanyaje." Ripoti hii inaongeza kitu. Kama insha yake nayo imetaja kisima, sasa kuna shahidi wa pili. Kama insha haikutaja, afisa amepata habari mpya. Tofauti ya ripoti hizo inatokana na mambo mawili: ufundi wa mhitimu katika kuuliza na kuandika, ambao mwombaji hana udhibiti nao, na kama mwombaji alisema mambo mahususi au alijibu kwa maneno makubwa matupu.

Na hapo ndipo watoto wetu wengi huumia bila kosa lao. Mtoto aliyelelewa kuamkia shikamoo, kutomkazia macho mkubwa na kutojisifu mbele za watu, hukaa mbele ya mhitimu akijibu "ndiyo" na "hapana" kwa adabu zote. Mhitimu Mmarekani asiyejua malezi hayo anaweza kuandika kwamba mtoto hana shauku. Dawa yake si kumfundisha mtoto majibu ya kukariri. Wahitimu wameshayasikia, na jibu la kukariri husikika hata kwa Zoom yenye mtandao mbovu. Mkalishe nyumbani na shangazi au mwalimu anayemheshimu, mwambie asimulie kwa undani kitu kimoja alichokifanya: kilianzaje, kiliharibikia wapi, alifanya nini baada ya hapo. Kueleza ulichokifanya si majivuno, na akishazoea kukisimulia kwa mkubwa mmoja atakisimulia kwa mwingine. Kwa kazi hiyo huhitaji kumlipa mtu.

Juu ya malipo nisisitize. Mhitimu wa kweli haombi pesa: si ya "kupeleka ripoti", si ya nauli, si ya "kuharakisha faili". Anayeomba ni tapeli, hata kama barua pepe yake ina nembo ya chuo. Ukiwa na shaka, ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya maombi au iandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Ikiwa ni kukutana ana kwa ana, mahali pawe pa wazi penye watu, na mzazi ana haki ya kusindikiza mpaka mlangoni, ingawa ndani amwachie mtoto azungumze mwenyewe.

Kutoitwa nako kusikunyime usingizi. Katika vyuo vingi, anayeitwa huitwa kwa sababu yupo mhitimu aliye karibu na mwenye nafasi. Boston wapo wengi; Mbeya huenda hayupo hata mmoja. Vyuo hivyo hutamka wazi kwamba asiyepangiwa mahojiano hapunguziwi chochote, na kwa kuwa wahitimu ni wa kujitolea, haingewezekana iwe vinginevyo.

Watu pia huchanganya mambo mawili yenye neno "mhitimu" ndani yake. Upo upendeleo ambao baadhi ya vyuo huwapa watoto wa wahitimu wao, yaani kama mama yako alisoma hapo, unaongezewa uzito. Huo umepigiwa kelele sana: Johns Hopkins iliuacha, na California ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuukataza hata kwenye vyuo binafsi vya jimbo hilo. Kuhojiwa na mhitimu hakuhusiani nao. Yule aliyekuhoji hageuki kuwa ndugu yako, na kumtafuta mhitimu mashuhuri akuandikie barua wakati hakujui ni kupoteza muda wake na wako.

Zaidi ya yote, usilinganishe mazungumzo haya na mahojiano ya aina nyingine yanayokusubiri. Ukiomba Oxford au Cambridge, atakayekuhoji ni mhadhiri wa somo lako, atakupa tatizo la hesabu au kifungu cha kuchambua papo hapo, na maoni yake yana nguvu kubwa kwa sababu yeye ni miongoni mwa wanaochagua. Na ukishakubaliwa Marekani, ukapata fomu ya I-20, ile ambayo chuo hukupa ya kuombea viza, bado kuna usaili wa viza ya mwanafunzi kwenye ubalozi wa Marekani. Huo ndio wa kuogopwa kidogo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamchukulia mwombaji wa viza hiyo kama anayekusudia kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na afisa aliye nyuma ya kioo ana mamlaka kamili ya kukubali au kukataa. Nguvu za maandalizi, nyaraka za fedha, maelezo yaliyonyooka ya kwa nini unasoma na utarudi kufanya nini, ziwekwe huko.

Kwa mhitimu, jiandae jioni moja. Soma kuhusu chuo kiasi cha kuwa na maswali mawili ambayo majibu yake hayapo kwenye tovuti, kwa mfano yeye mwenyewe alihangaika na nini mwaka wa kwanza. Kama umeme unakatika kwenu, mwambie mapema na mpange muda mwingine. Hakuna anayepunguza alama kwa hilo. Baada ya mazungumzo, mwandikie shukrani za mistari mitatu. Usimtumie vyeti, na usimuulize ameandika nini. Majibu ya walioomba mapema hutoka katikati ya Desemba na ya walioomba kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Machi, kwenye akaunti yako wewe, na mhitimu hana njia ya kuyaona kabla yako.